Kichwa Kilichovaa Nyaya

Inspekta Mutoni alikwenda kliniki ya ubongo kutafuta neno la kumtoa Igihozo mahabusu. Chai aliyokaribishwa haijapoa, akapewa neno la kumfunga.

"Hakuanguka," alisema Daktari Sano, akigonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Bon. Ile siku yote, huyu mutu hakuanguka kifafa hata mara moja."

"Daktari, ulimi wake umechanika. Nimeuona kwa macho yangu haya. Alijiuma."

"Mi nakuambia mashine inasema nini. Mambo ya ulimi, uliza ulimi."

Haya sasa! Mutoni alisogeza kiti karibu na kioo, akaitazama ile mistari inayopandana juu kwa chini, na hakuona kitu. Kazi ya upelelezi ameifanya kwa muda mrefu, tangu familia yao iliporudi kutoka Karagwe, na ameshasoma damu, nyayo, simu na nyuso za waongo. Umeme wa kichwa cha mtu hajawahi kuusoma.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi tangu mwanzo, na huo wepesi ndio uliomnyima Mutoni usingizi. Munyaneza, mwenye duka la maharage na unga pale Mbugangari, alikutwa amekufa nyuma ya mizani yake, kapigwa kisogoni kwa jiwe la mizani, lile kubwa kuliko yote. Pembeni yake alikutwa msichana wa kazi, Igihozo, povu mdomoni, nguo zimelowa, hajui jua limechomozea wapi. Alipozinduka akaulizwa nani kafanya haya, akajibu, "Ni mimi. Sauti imesema ni mimi." Ana kifafa tangu utotoni, na miaka ya karibuni anasikia na sauti. Mkuu wa kituo, Afande Nziza, aliyachukua maneno hayo kama yalivyo akayatia kwenye jalada. Kesho asubuhi jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na msichana nyuma yake, ashtakiwe kwa kuua. Mutoni alikuwa amebakiwa na leo tu.

Tumaini lake lilikuwa mashine. Igihozo ni mmoja wa wagonjwa anaowafuatilia Daktari Sano, wale wenye kifafa pamoja na maradhi ya akili. Wanapewa dawa bure, na wao, kila mmoja kwa siku yake, wanavaa mashine mchana kutwa. Vifungo vidogo vya chuma vinagandishwa kichwani kwa gundi nyeupe, nyaya zinashuka mgongoni hadi kwenye kisanduku cha kiunoni, na kitambaa kinafungwa juu ili watu wasikodoe macho. Siku aliyokufa Munyaneza ilikuwa zamu ya Igihozo. Basi Mutoni alijisemea, kama mashine itaonyesha kwamba msichana alikuwa katikati ya kifafa wakati ule, mkono wake usingeweza kunyanyua jiwe. Kumbe wapi.

"Nieleze kama mtoto," alisema.

"Donc. Sikioni iko kaspika kadogo. Mara kwa mara kanatoa milio. Tii, tii, tii, tii, kisha tuu. Ubongo unazoea ile ya tii, hauijali tena. Ile ya tuu inakuja mara moja moja, ubongo unashtuka, mustari unapanda. Unaona aka kalima?" Alionyesha kwa kalamu mahali mstari ulipoinuka kama kilima. "Ku mutu muzima kanakuja haraka, kanasimama. Ku wagonjwa wangu wa kifafa wenye kusikia sauti, kanachelewa, tena kanakuwa kafupi. Njo kitu ninachunguza."

"Na Igihozo?"

Daktari alifungua kipimo cha zamani. Kilima kilikuwa kimejikunyata, kimechelewa, na juu ya mistari ya upande wa kushoto kulikuwa na miiba midogo, chwi, chwi, hata pale mgonjwa alipokuwa ametulia. Kisha akafungua kile cha siku ya kifo. Kilima kilisimama wima na kwa wakati wake, na mwiba haukuwepo hata mmoja.

"Dawa imemponya?"

"Nilijiuliza vile vile. Dawa inaweza kupunguza miiba. Lakini kupandisha kalima namna hii kwa muda mufupi, apana, sijaona bado." Alikuna kidevu. Alikuwa na furaha na mashaka kwa pamoja. "Nilimuuliza hata muuguzi kama iko kosa. Yeye ni mupya, njo alimufunga mashine asubuhi ile, mi nilikuwa Kigali. Akasema alifuata karte, ile kadi ya mugonjwa, jina ni la Igihozo."

"Nipeleke wakati wa mvua ya mawe. Hapo ndipo alipokufa."

Mistari ilikimbia kwenye kioo, ikafika mahali ikawa minene, myeusi, imevimba yote kwa pamoja.

"Hii si ubongo," alisema daktari. "Ni umeme wa karibu. Mutu anayechomea chuma, ukuta kwa ukuta."

"Kadiri," alisema Mutoni. Kadiri fundi wa milango ya chuma amepakana na duka la Munyaneza. Basi mashine ilikuwa pale pale dukani, hilo halina ubishi.

"Sasa angalia hapa." Mkwaruzo mkubwa ulikata kioo kutoka pembe hadi pembe. "Meno yamekazwa, mwili wote umekazwa, mukono umetumika kwa nguvu. Si kifafa, kifafa kina mwendo wake. Na nyuma yake, sikiliza: tuu inapita, kalima hakuna. Tuu tena, hakuna. Iko macho, halali, hajazimia. Lakini kichwa hakisikii kitu. Mutu ameona jambo kubwa, ao amelifanya."

Kama msichana hakuanguka, na alikuwa macho, na mkono ukatumika kwa nguvu, basi Afande Nziza alikuwa sahihi, na yeye Mutoni amekuja kumchimbia mtoto wa watu shimo kwa mikono yake mwenyewe.

Alikuwa anaaga pale daktari alipomshika kiwiko. "Na wewe, kwani askari wako ni wa mbao? Nasikia juzi mutoto ameanguka ndani ya mahabusu, watu wazima na bunduki zao wamesimama ku mulango wanaangalia."

"Waliogopa mate."

"Bote banaogopa mate! Nimesema mupaka sauti imekauka, haiambukizi. Niliita waajiri wa wagonjwa wangu waje niwafundishe kusaidia mutu akianguka. Unajua alikuja nani? Mumoja tu. Marehemu Munyaneza." Alichomoa karatasi kubwa iliyokunjwa kama mkeka. "Shika. Tundika kituoni."

Mutoni aliibana kwapani bila kuifungua, maana kichwa chake kilikuwa kimejaa.

Kwenye korido, Donatille alikuwa ameketi akisubiri dawa za mdogo wake. Ni dada mkubwa wa Igihozo, mkulima wa viazi kule Kanama, na tangu wazazi wao wafe ndiye mama na ndiye baba. Wanafanana sana wale wawili, uso mmoja wa yai, ila wa Donatille umepigwa na jua la shambani. Aliinuka haraka.

"Afande, mashine imesema nini?"

"Bado tunaangalia, dada."

"Si itasema mugonjwa? Mugonjwa hawamufungi, eh?"

Alipoinamisha kichwa, kitambaa kilirudi nyuma kidogo, Mutoni akaona alama za mviringo, nyekundu, zimejipanga pembeni mwa paji la uso.

"Umefanyaje hapo?"

"Upele tu." Donatille alivuta kitambaa mpaka kwenye nyusi.

Moto, pikipiki ya abiria, ilimteremsha Mutoni mbele ya karakana ya Kadiri, kofia aliyoazimwa na dereva ikimnukia, karatasi ya daktari ikimsumbua kwapani. Kadiri alizima mashine yake akanyanyua miwani myeusi.

"Karibu, mama afande. Bado ni ile maneno?"

"Ni ile ile. Nirudishie tangu mwanzo."

"Mi nilikuwa nachomea mulango ya mwalimu. Mvua inapiga bati, mashine inapiga kelele, hata ungeniita kwa jina ya baba yangu singesikia. Mvua ilipopunguza nikazima, nikaenda kuomba kiberiti ku Munyaneza. Njo nikaona yeye iko chini, damu, na ule mutoto pembeni yake."

"Mtoto alikuwa amekaa vipi?"

"Amelala kwa ubavu. Mukono chini ya shavu, goti limekunjwa, gunia limekunjwa chini ya kichwa. Muzuri kabisa, kama mutu anapumzika mchana."

Mutoni akasimamisha kalamu. "Kwa ubavu, na gunia chini ya kichwa?"

"Na gunia."

"Wewe ndiye uliyemweka hivyo?"

Kadiri alirudi hatua nyuma kama mtu aliyeombwa akaibe msikitini. "Mi? Afande, reka, acha hayo! Iko povu! Nani anagusa mutu wa igicuri, wa kifafa? Yale mate yakikupata, ugonjwa umekuingia. Tulikaa wote ku mulango. Mi nilimupigia simu dada yake tu. Yeye njo aliingia peke yake ndani, akamufuta, akamutoa zile nyaya."

"Uliziona nyaya kichwani?"

"Dada alimufunika na kitenge. Sisi tulikuwa mbali." Alicheka kidogo. "Lakini ile moto ya Kanama ilikimbia! Sijaweka simu mufukoni, dada huyu hapa."

Mutoni aliandika, akapiga mstari chini ya neno gunia. Hakumlaumu Kadiri kwa kukaa mlangoni. Juzi Igihozo alipoanguka mahabusu, na yeye mwenyewe alikuwa kati ya wale waliosimama mlangoni, na aibu ya jambo hilo alikuwa nayo bado. Lakini gunia lilikuwa jambo jingine. Mtu akipigwa na kifafa anadondoka kama mzigo, hajikunji goti, hajitandikii mto. Kama hakuna aliyemgusa, basi alijilaza mwenyewe. Na kama alijilaza mwenyewe, alikuwa anaigiza, na mashine imesema kweli.

Ila ulimi! Nani anauma ulimi wake mpaka unachanika kwa kuigiza?

Alimpigia Afande Nziza, kwa sababu ilibidi. Nziza alikulia Kampala, hana subira.

"Yes, Mutoni."

"Afande, mashine inaonyesha alikuwa macho."

"Sasa unangoja nini? Mdomo umekiri, mashine imekiri, unataka na mizani ikiri? Funga jalada."

"Kuna vitu havikai pamoja, Afande. Ulimi wake uliochanika unasema alianguka, ubongo wake unasema hakuanguka."

"Mtu ni mmoja, dada. Chagua kimoja, saini, nenda nyumbani."

Simu ikakatwa. Mutoni alibaki kando ya barabara, pikipiki zikimpita huku na huku, wanawake wa ng'ambo wakirudi Goma na mabeseni yao, na yeye hajui ashike lipi aache lipi. Hasira ilimpanda. Aliona amechezewa, na msichana mwenyewe, yule mnyonge wa kutia huruma. Akaita moto nyingine, akaenda kituoni kumwambia hivyo ana kwa ana.

Igihozo alikuwa amejikunja kwenye kona ya chumba cha wanawake, kajitanda kitenge kichwani mpaka machoni. Mutoni hakukaa.

"Igihozo, mashine imesema hukuanguka. Unanichezea?"

"Sijui, afande."

"Nani alimpiga Munyaneza?"

"Ni mimi. Sauti imesema ni mimi."

"Hiyo sauti siku nyingine inasema nini?"

Msichana alifikiri. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Inasemaka ni mimi. Ng'ombe ya jirani ilikufa, ikasema ni mimi. Nyiragongo ililipuka, watu wakakimbia usiku, ikasema ni mimi. Mama akakufa, ikasema..."

Mutoni akakaa. Huko ndiko kukiri walikokutia kwenye jalada kwa wino mweusi! Kwa hesabu hiyo, hata volkano ingepaswa kuwekwa kwenye mashtaka. "Unakumbuka nini wewe mwenyewe, siyo sauti?"

"Nilikuwa napima maharage. Nikasikia harufu ile ya kuungua inayokujaka mbele ya kuanguka. Nikamuita patron Munyaneza. Basi. Nyuma yake nakumbuka watu ku mulango."

"Munyaneza alikuwa mtu wa namna gani kwako?"

"Muzuri." Machozi yalimtoka. "Alininunulia gunia mupya ya kulalia, kama nikianguka, sementi inaumiza."

Akasukuma kitenge nyuma ili ajifute uso, na Mutoni akaona nywele. Nywele za rasta, nyembamba, zimebanwa mpaka ngozini, zimejaa kichwa kizima. Kwenye picha za siku ya tukio zilikuwepo vilevile, na yeye alizipita kama anavyopita nywele za kila mtu.

"Ulisuka lini?"

"Siku moja mbele ya ile, jana yake. Mashangazi ya Nshuti walisema watapita dukani kuniangalia." Nshuti alikuwa mchumba wake, fundi seremala wa Kanzenze. "Walipita asubuhi, mi napima unga, wakasema natosha."

"Wanajua unaumwa?"

"Ayii! Wakijua, harusi imekufa."

Mutoni alitoka nje akapiga simu kliniki.

"Daktari, swali moja. Vifungo vyako vinakaa juu ya rasta?"

"Apana! Haiwezekani. Lazima ngozi, tunaisugua mupaka inakuwa nyekundu, kisha gundi. Mwenye rasta tunamurudisha afumue. Sababu gani?"

"Nitakuambia."

Alirudi ndani akafunga mlango polepole. Hasira yote ilikuwa imeondoka, na kilichobaki kilikuwa woga.

"Igihozo. Mashine ilivaliwa na nani?"

Msichana alimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Usimuambie dokteri! Nakuomba, afande. Ukikosa siku yako wanakutoa ku dawa ya bure. Na mi singeweza kusimama mbele ya mashangazi na nyaya ku kichwa. Yaya Donatille njo alienda na karte yangu. Alisema tunafanana, na yule muuguzi mupya hanijui. Kosa ni langu, si la yaya. Usimuambie."

Alidhani hilo ndilo kosa. Alimwomba Mutoni amfichie dada yake udanganyifu wa kliniki, na hakujua kitu gani alichokitoa mdomoni.

Mutoni alisimama kwenye ujia, akayapanga moja baada ya jingine. Ulimi haukusema uongo, na mashine nayo haikusema uongo. Igihozo alianguka kweli, na aliyevaa nyaya hakuanguka kweli, kwa sababu vilikuwa vichwa viwili. Kilima kilichosimama wima kilikuwa cha mtu mzima asiyeumwa. Ule upele wa mviringo pembeni mwa paji ulikuwa ngozi iliyosuguliwa. Na Donatille aliwaambia polisi, akaweka na dole gumba, kwamba kutwa nzima alikuwa kwenye viazi vyake Kanama, mahali ambapo hakuna hata nguzo ya umeme. Lakini nyaya zilizokuwa kichwani mwake ziliisikia mashine ya Kadiri, ukuta kwa ukuta, wakati mvua inapiga bati.

Ndiyo maana moto ya Kanama ilifika upesi vile. Haikutoka Kanama.

Bado gunia tu. Hilo lilikuwa halijapata mahali.

Donatille alifika jioni na chakula kwenye kapu na dawa kwenye mfuko wa karatasi. Mutoni alimwingiza ofisini, akamkalisha kwenye benchi, akauliza kwanza kuhusu watoto, kwa maana hakujua aanzie wapi. Kisha akasema, "Dada, fungua kitambaa."

Mikono ya Donatille ilibaki mapajani.

"Nimezungumza na Igihozo. Ameniambia nani alikwenda na kadi yake. Ameomba nisimwambie daktari."

Hapo Donatille akakifungua. Nywele zake zilikuwa fupi, za mwanamke wa jembe, na kichwa chote kilikuwa kimetapakaa alama za mviringo, na katikati ya nywele punje nyeupe za gundi ambazo maji hayakuzitoa.

"Kanama hakuna fundi wa chuma," alisema Mutoni.

Donatille alitikisa kichwa kukubali. Aliongea chini chini, macho kwenye kapu.

"Nilienda kuona kama mashangazi wameridhika. Mvua ya mawe ikanikimbiza, nikaingia na mulango ya nyuma. Nikaona Igihozo iko chini, na Munyaneza iko juu yake. Amepiga magoti. Anamushika shavu, anamukunja muguu. Anamuambia, lala, lala, usiogope. Afande, mwanaume peke yake na mutoto wa watu, mvua imefunga watu bote ndani, anamuambia lala! Wewe ungefikiri nini?"

"Ningefikiri hivyo hivyo," alisema Mutoni, na ilikuwa kweli.

"Jiwe lilikuwa ku mizani. Nilipiga mara moja tu. Igihozo nikamuona anapumua. Nikatoka. Kwa choo ya soko njo nilitolea nyaya, nikawa bado pale wakati Kadiri alinipigia simu. Nikaja nazo ndani ya kitenge, nikajifanya namutoa yeye."

"Ukamwacha akamatwe."

"Nilisema mugonjwa hawamufungi. Nilisema ile mashine inaonaka ugonjwa tu, na mi siumwi, itakuwa tupu, haitamushitaki, watabaki na kifafa chake tu, watamurudisha. Mi iko na watoto, afande. Kila asubuhi nilisema leo watamuachilia."

"Kwa nini hukupiga kelele kwanza? Kwa nini hukumuuliza anafanya nini?"

Donatille alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka. "Nimuulize nini? Tangu utoto anaanguka, sijaonaka mutu anamugusa. Shuleni walimuzungushia mawe, wakakaa mbali. Baba alikuwa anatoka inje. Padri alitoka inje. Mi peke yangu. Sasa mwanaume anamushika na mikono mbili, kitu gani ingine anaweza kutafuta?"

Mutoni alisogeza kiti chake nyuma. "Nionyeshe alivyokuwa," alisema.

Donatille alishuka kwenye benchi, akapiga magoti sakafuni. Mkono mmoja akauweka chini, kiganja juu, mahali ambapo shavu lingekuwa. Mwingine akaunyoosha, akakamata goti lisilokuwepo, akalivuta kuelekea kwake, taratibu, mpaka mtu asiyeonekana akalala kwa ubavu. "Hivi. Na gunia iko pale, alishalikunja."

Gunia! Mutoni aliliona linaingia mahali pake, na akatamani lisiingie. Munyaneza alitoa muda wake akaenda kliniki, yeye peke yake kati ya waajiri wote. Ile karatasi ya daktari ilikuwa juu ya kabati, alikoitupa aliporudi. Mutoni aliishusha. Kwa muda aliishika tu, akijiuliza kama ni haki kumwonyesha, au kama huruma ni kumwacha na kile alichoamini. Lakini mwanamke alikuwa amepiga magoti pale pale, na mikono yake bado imeshika hewa.

Akaifungua, akaitandaza sakafuni mbele yake.

Ilikuwa picha ya rangi, kubwa, ya kutundika ukutani. Msichana amelala kwa ubavu, mkono chini ya shavu, goti limekunjwa, kitu laini chini ya kichwa. Pembeni yake mwanamume amepiga magoti, mkono mmoja kwenye shavu, mwingine kwenye goti.

Donatille aliitazama picha, akaitazama mikono yake, akaitazama picha tena. Hakujua kusoma, na maneno ya chini hakuyahitaji.

"Huyu anafanya nini?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Anamsaidia. Daktari anawafundisha. Munyaneza alikwenda kujifunza kwa ajili yake."

Nje, askari wa zamu alikuwa anaosha pikipiki, na maji yalisikika yakipita mfereji.

"Mana yangu, Mungu wangu," alisema Donatille. "Alikuwa mumoja tu. Dunia yote, mutu mumoja tu alimugusa, na mi nikamuua."

Alilia bila sauti, paji lake la alama limegusa karatasi. Mutoni alikaa chini sakafuni pamoja naye mpaka alipomaliza, kisha akaandika maelezo, akampa kalamu aweke alama yake, akaenda kufungua mahabusu.

Igihozo alitoka akipepesa macho kwa mwanga wa taa, kitenge mkononi, rasta zake zimeanza kufumuka pembeni. Alimwona dada yake kwenye benchi bila kitambaa, akaelewa nusu ya jambo, akasimama.

"Yaya, wamejua maneno ya mashine?"

"Wamejua."

"Watanitoa ku dawa?"

Donatille alichukua mfuko wa karatasi, akautia mkononi mwa mdogo wake, akaufunga mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Hapana," alisema. "Nimewaambia kosa ni langu."